Ushahidi Ulio Nyuma ya Mgonjwa

Filamu ya Rear Window, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock na kutolewa mwaka 1954, inamhusu mpigapicha aliyevunjika mguu ambaye hushinda dirishani akiwatazama majirani. Anashuku kwamba mmoja wao amemuua mkewe, ila haaminiwi. Kinachompa nguvu ni jambo dogo mno: akitazama picha ya zamani ya bustani, anaona kwamba maua ya upande mmoja sasa yamepungua urefu. Maua hayafupiki yenyewe. Udongo ule umechimbuliwa. Sisi watazamaji tulikuwa tukiwakodolea macho waigizaji, na bustani ilikuwa pale pale.

Utabibu na upelelezi ni ndugu. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, alikuwa daktari, na mpelelezi huyo alimchora kwa mfano wa mwalimu wake wa Edinburgh, Dkt. Joseph Bell, aliyesifika kwa kutambua kazi ya mgonjwa kwa kumtazama tu.

Nilijifunza somo hilo kwa aibu. Nikiwa daktari kijana wilayani Mbinga, nilimpokea mama mwenye maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Ulikuwa mwezi Julai, wakati wa baridi Umatengoni. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, na kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni ya kutosha. Nikampa dawa ya maumivu, akaondoka. Siku ya tatu alirudi na watoto wawili, nao wakilalamikia kichwa. Muuguzi ndiye aliyeona vumbi la mkaa kwenye kanga yake.

“Mama, usiku mnaota moto wapi?”

“Chumbani, dada. Tunalala na jiko, mlango tunaufunga baridi isiingie.”

Walikuwa wakivuta gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Kifaa kile cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba gesi hiyo na iliyobeba oksijeni. Namba nzuri ilinilaghai. Tuliwapa oksijeni, wakapona. Usiku mmoja zaidi ungeweza kuwaua wote.

Ukiteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ushahidi hubadilika: sasa ni maji. Mwanamke anayefua na kuoga ziwani anaweza kupata kichocho cha via vya uzazi, kinacholeta maumivu na kutokwa damu. Asipoulizwa kuhusu maji, hutibiwa magonjwa ya zinaa mara kwa mara, na ndoa yake huingia doa bila kosa lake, ilhali dawa anayoihitaji ni prazikwanteli. Ziwa Nyasa liko nyuma ya kila mgonjwa wa mwambao huo, na kwa kuwa liko kila siku, hatulioni.

Tahadhari moja yahitajika. Katika filamu, kila kidokezo kimewekwa makusudi na mwongozaji. Katika chumba cha daktari hakuna aliyetuwekea kitu. Vumbi la mkaa laweza kuwa vumbi tu. Kwa hiyo dalili ndogo haitupi ruhusa ya kukisia, bali hutupa swali la kuuliza na jambo la kupima.

Najua foleni ni ndefu na wahudumu ni wachache. Hata hivyo, maswali matatu hayamalizi dakika mbili: Nyumbani nani mwingine anaumwa? Mnapika na kuota moto wapi? Maji ya kuoga na kufulia mnayapata wapi? Naona yafaa yaulizwe kwa kila mgonjwa ambaye maradhi yake hayaelezeki au yanajirudia.

Nawe mgonjwa, usingoje kuulizwa. Tueleze unakolala, kazi unayofanya na maji unayoyaingia, hata ukiona ni mambo madogo. Na usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, toa jiko la mkaa nje. Mkiamka wote na maumivu ya kichwa, tokeni kwenye hewa safi, kisha mwende hospitali mkaseme kwamba mlilala na jiko.