SINDANO ISIFUNGWE NA MSHAHARA

Kila mara watu wa afya wanapofika Salamabila na masanduku yao ya baridi, swali la kwanza kwenye mstari halihusu ugonjwa. Ni hili: "Ni lazima?" Kapita anauliza, mpishi wa kantini anauliza, dereva wa lori anauliza. Na yule asiyeuliza kitu, mara nyingi ndiye amekwisha kukata shauri la kupita mlango wa nyuma.

Ndugu wafanyakazi, ukurasa huu umezoea kuwaeleza mambo ya mabuti, kofia, miwani na maji ya kuchemsha. Leo tuseme juu ya neno hilo "lazima". Mimi mwenyewe ni mtu wa sindano. Nimechanjwa, na watoto wangu wana kadi zao zimejaa. Lakini nasema wazi: mfanyakazi anayekataa chanjo au kipimo cha lazima asiitwe mjinga, wala adui wa kazi. Ukimkalisha chini na kumsikiliza, utaona mara nyingi kwamba anaogopa kitu kilichofungwa pamoja na sindano: mshahara wake, siri yake, nafasi yake ya kazi. Tukikifungua kifungo hicho, nusu ya ugomvi imekwisha.

Tutazame kwanza wafanyakazi wa serikali wa nchi nyingine, maana wao walikutana na "lazima" hiyo uso kwa uso wakati wa korona.

Kule Kenya, mwezi wa 8 mwaka 2021, mkuu wa watumishi wa serikali, Joseph Kinyua, alitoa barua. Kila mtumishi awe amepata sindano ya kwanza kabla ya tarehe 23 ya mwezi ule. Asiyefanya hivyo atahesabiwa amevunja nidhamu ya kazi. Barua ilisema pia kwamba wengine wanakwepa chanjo makusudi, wapate sababu ya kutofika kazini. Labda walikuwako. Wategaji wako katika kila kazi, hata kwetu, na ninyi mnawajua kwa majina. Lakini fikirini jinsi mwalimu wa kijijini alivyoisikia barua ile. Ana woga moyoni, anatafuta mtu wa kumwuliza, na kabla hajafungua kinywa amekwisha kuitwa mtegaji.

Mwezi wa 11 wa mwaka uleule, waziri wa afya Mutahi Kagwe akaongeza: kuanzia tarehe 21 Desemba, asiye na hati ya chanjo asipewe huduma za serikali ana kwa ana. Mashirika ya haki za binadamu yakapinga, yakisema chanjo bado haijawafikia watu wengi, basi utamwadhibuje mtu kwa kukosa kitu ambacho hujampelekea? Shauri likafika kortini, na tarehe 14 Desemba Korti Kuu ya Nairobi ikaisimamisha amri ile.

Huko Marekani nako, Rais Biden aliamuru tarehe 9 Septemba 2021 kwamba wafanyakazi wote wa serikali kuu wachanjwe. Tuseme ukweli wote hapa: amri ile ilisukuma watu. Kufikia mwisho wa Novemba, serikali ilisema zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa wamepata angalau sindano moja. Lakini wengine walikwenda kortini, na tarehe 21 Januari 2022 jaji mmoja wa Texas akaisimamisha. Mwezi wa 5 mwaka 2023 serikali yenyewe ikaiondoa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nguvu haifanyi kitu. Nguvu inajaza kadi. Ninalouliza ni hili: mwaka unaofuata, ugonjwa mwingine ukija, watu wale watakuja tena kwa hiari yao?

Kwetu Kongo mambo yalikwenda upande mwingine. Dozi 1,700,000 za AstraZeneca zilifika Kinshasa tarehe 2 Machi 2021. Chanjo ikaahirishwa, ikaanza tarehe 19 Aprili, na watu waliokuja walikuwa wachache hata dozi karibu 1,300,000 zikapelekwa nchi nyingine zisije zikaharibika. Hakuna aliyelazimishwa, na bado watu hawakuja. Basi kuna woga uliotangulia amri yoyote, na woga huo haukutoka mbinguni.

Kwa upande wetu wa Maniema, asili yake naijua kidogo.

Mwaka 1903 madaktari kutoka Liverpool walitumwa katika Kongo ya mfalme Leopold II kuchunguza ugonjwa wa usingizi, ambao wengine wanauita malale. Mmoja wao, Joseph Everett Dutton, alifia hapa jirani, Kasongo, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30 tu. Alikufa kwa homa ya kimputu, homa ileile aliyokuwa akiichunguza. Huyu alikufa kazini, na namheshimu. Lakini njia waliyoitumia yeye na mwenzake Todd, ya kupapasa tezi za shingo, ikaingia katika mipango ya serikali ya wakoloni. Mtu akipapaswa na kuonekana na uvimbe, anaondolewa kwake na kupelekwa kambi ya wagonjwa. Anayetaka kusafiri anadaiwa karatasi ya afya. Na dawa ya wakati ule, atoksili, ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Ilipofusha macho ya baadhi ya waliotibiwa.

Tangu 1949 ikaja dawa nyingine yenye aseniki, Arsobal, kwa wale ambao ugonjwa umekwisha kuingia kichwani. Iliponya wengi, lakini katika kila wagonjwa 100 iliua karibu 5. Na ili kujua ugonjwa umefika wapi, ilibidi mgonjwa atobolewe mgongo kwa sindano na kuchotwa maji. Katika nchi ya Kasongo na Kabambare, ambako ugonjwa huu umekaa miaka mingi, hamhitaji mimi kuwaeleza habari ya sindano ya mgongo. Wazee wanaikumbuka vizuri kuliko majina ya magavana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa tazameni kilichofuata. Mwaka 1998 nchi yetu ilihesabu wagonjwa wa usingizi zaidi ya 26,000. Mwaka 2018 dunia nzima ilihesabu chini ya 1,000. Makundi ya kupima yalizunguka vijiji, ndiyo, lakini hayakurudi na vitu vilevile. Kipimo kikawa tone la damu ya kidole. Dawa zikawa za upole zaidi, mpaka vikaja vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa hasa hapa Kongo na kukubaliwa mwaka 2018: mgonjwa anameza kwa siku 10, na wengi hawatobolewi tena mgongo. Mtu akijua kwamba nyuma ya kipimo kuna vidonge, anatoa kidole chake. Akijua kwamba nyuma yake kuna kambi, anakimbilia porini. Kipimo ni kilekile. Mlango wa nyuma yake ndio uliobadilika.

Na mgodini je, nyuma ya kipimo kuna nini?

Hapo ndipo mfanyakazi anapotutazama machoni. Chukueni kifua kikuu. Mchimbaji anakohoa wiki tatu, anajua mavumbi ya mawe yamemwingia, anajua pia analala nyumba moja na mkewe, watoto na shemeji. Angetakiwa kutoa makohozi yapimwe leo hii. Lakini anapiga hesabu: nikionekana mgonjwa, nitarudi kazini lini? Primi yangu je? Nani atasoma karatasi yangu, daktari peke yake, au na karani wa ofisi ya wafanyakazi, ambaye dada yake ni jirani yangu? Basi anafunga kinywa na kuendelea kukohoa ndani ya gari la wafanyakazi, pamoja na wenzake. Huyu hajasoma uvumi wowote. Amepiga hesabu tu, na hesabu yake ni sahihi kwa jinsi mambo yalivyo mahali pengi.

Mwaka 2020 wenzetu wa migodi ya shaba na kobalti ya kusini walionja jambo la namna hiyo. Migodi kadhaa iliwafungia wafanyakazi ndani ya eneo la kazi ili korona isiingie. Watu wakakaa wiki baada ya wiki mbali na nyumba zao. Wengi walisema hawakuona la kuchagua: ubaki ndani, au upoteze kazi. Mashirika ya kutetea haki yakaandika barua mwezi wa 6 kuwauliza wenye migodi. Kulinda afya kulikuwa jambo la haki. Lakini mtu aliyefungiwa hivyo, siku ya kuletewa sindano, atakumbuka kwanza geti.

Kuhusu sida, nchi yetu imekwisha kukata neno. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda wenye virusi, na mwajiri haruhusiwi kudai kipimo cha sida kwa ajili ya kazi. Shirika la Kazi la Dunia lilisema hivyohivyo mwaka 2010. Je, watu wameacha kupimwa? La. Wanapimwa, kwa sababu dawa ziko na siri inalindwa. Mahali ambapo siri inavuja wanakwenda kupimwa mji mwingine, hata kama nauli inawala.

Wengine watanijibu: "Lakini ugonjwa wa kuambukiza hausubiri mazungumzo." Ni kweli, na sisi wa migodini tunajua zaidi. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga, mji wa dhahabu kama wetu, ambao zamani ulikuwa chini ya SOMINKI pamoja na Namoya yetu. Wachimbaji wanahama, wanalala wengi chumba kimoja, wanakwenda baa zilezile. Ugonjwa ukavuka mipaka mpaka tarehe 14 Agosti 2024 dunia nzima ikatangaziwa hatari. Chanjo ikaanza Goma mwezi wa 10 mwaka ule. Mtu anayesema "mwili ni wangu" na kukaa kimya huku ana vipele, huyo simtetei. Mwili ni wako, lakini kitanda cha jirani si chako.

Hata hivyo, tazameni Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, ya 2018 mpaka 2020. Watu 2,287 walikufa. Hiyo ndiyo ingekuwa ya kulazimisha, kama kuna ya kulazimisha. Lakini chanjo ilitolewa kwa kukubali kwa mtu mwenyewe, baada ya kuelezwa, na zaidi ya watu 300,000 walikubali, katika nchi yenye vita. Mahali ambapo magari ya afya yalisindikizwa na bunduki, ndipo mashaka yalipozidi. Watu wa afya walishambuliwa. Daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Cameroon kuja kutusaidia, aliuawa hospitalini Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Kwa hiyo kukataa nako kunaweza kuwa na damu mikononi, wala tusikusifu ovyo.

Basi mimi nasimama wapi? Wauguzi na wote wanaogusa wagonjwa, hao nakubali: asiyechanjwa apewe kazi nyingine wakati wa mlipuko, kwa mshahara uleule. Mgonjwa mwenye dalili akae nje ya kazi mpaka apone, naye alipwe kama aliyevunjika mguu kazini. Wengine wote waelezwe, waulizwe, wapewe nafasi ya kufikiri, na geti lisifungwe usoni pao. Siku ya baada ya sindano, mwenye homa apumzike bila kukatwa kitu. Karatasi ya majibu ikae katika kabati la daktari, chini ya ufunguo, na ofisi ipewe neno moja tu: anaweza kufanya kazi, au bado.

Hayo yanagharimu fedha, najua. Siku mbili za homa za watu 50 ni siku 100 za kazi, na mkuu wa uzalishaji atakunja uso. Akunje. Kifua kikuu kikishaingia katika gari moja la wafanyakazi, hesabu yake itakuwa nyingine.

Nanyi mnaokataa, nina neno kwenu pia. Msinunue kadi. Kila mtu anajua kwamba kadi ya manjano ya homa ya manjano imekuwa ikiuzwa mahali pengi bila sindano kugusa mkono. Mwenye kadi ya namna hiyo amemdanganya daktari, na siku akiugua daktari atatafuta ugonjwa mahali pasipo. Msitume ndugu apimwe kwa jina lenu. Kama hamtaki, semeni "sitaki" na sababu yake, mchana, mbele ya wenzenu. Sheria ya kazi ya 2002 imeweka komite ya usalama na usafi katika kila mahali pa kazi, na wajumbe wa sendika nao wapo. Komite hiyo si ya kuhesabu kofia tu. Iulizeni: nani anashika majibu yetu? Siku ya homa inalipwa? Aliyeonekana mgonjwa amerudi kazini kwake, au jina lake limetoweka kwenye orodha?

Majibu yaandikwe na kubandikwa ukutani, penye mwanga, karibu na dirisha la mishahara, kabla masanduku ya baridi hayajashushwa kwenye gari.