Mtoto wa miaka miwili, jiko la nyumbani na saa za mama

 Kila unapoingia mwezi wa Januari nyumba nyingi hapa Dar es Salaam hukutana na hesabu ile ile: kodi ya nyumba, sare, madaftari, na siku hizi ada ya mtoto ambaye hata meno hayajamtimia kinywani. Ukitoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri utawaona. Gari dogo limesimama konani, taa zinawaka, na mtoto wa miaka miwili na nusu anapandishwa akiwa bado amelala begani mwa mama yake, na mkoba aliovishwa umemshinda ukubwa.

Hatuandiki haya kwa ajili ya kuwalaumu wazazi hao. Wengi wao wanakimbilia kazini na hawana mtu wa kumwachia mtoto. Lakini wapo pia, na si wachache, ambao mama yuko nyumbani, bibi yuko nyumbani, na bado mtoto anapelekwa kwa kuogopa kwamba wenzake watamtangulia. Ada hukopwa, na chakula cha nyumbani hupunguzwa ili ada ipatikane. Ijumaa ya leo tunapenda kuuliza kama hofu hiyo ina msingi, na kama mtoto akibaki nyumbani, ni nani hasa anayebeba gharama.

Tuanze na yale yaliyo wazi. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa watoto wa madarasa ya chini, kuanzia awali hadi la nne, kwa hoja kwamba mtoto wa umri huo anapaswa kulelewa na familia yake. Elimu ya awali katika shule za serikali haina ada tangu Januari 2016, na mtaala unaitambua kuwa ni ya mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka miwili au mitatu hadaiwi shule na sheria yoyote. Mzazi anayemfundisha nyumbani katika umri huo hajavunja utaratibu wala hajamnyima mtoto haki yake.

Jambo la pili ni la kitaalamu. Desemba 2021 nchi yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka mitano, kuanzia 2021/22 hadi 2025/26, nayo inawahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Imejengwa juu ya mambo matano ambayo Shirika la Afya Duniani na wenzake waliyatangaza mwaka 2018: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Msomaji ayapitie moja moja. Hakuna hata moja linalodai sare, jengo lililopakwa rangi wala gari la kumfuata mtoto mlangoni. Neno 'malezi yenye mwitikio' ndilo linalohitaji maelezo: mtoto anapoonyesha kidole, kuuliza au kulia, awepo mtu mzima wa kumjibu, kumtajia jina la kile alichokionyesha, na kungoja aseme tena. Katika chumba cha watoto thelathini na mlezi mmoja, hata mlezi huyo awe mwema kiasi gani, majibu hayatoshi kugawana.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko kwenye darasa lenyewe. Mpe mtoto wa miaka miwili na nusu ungo mdogo wenye kunde na choroko zilizochanganyika. Atatulia. Atatenga punje moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, na vidole hivyo viwili ndivyo vitakavyokuja kushika kalamu. (Kaa naye, usimwache peke yake, kunde huingia puani kwa wepesi wa ajabu.) Mpe kikombe achote maji kutoka beseni kwenda kopo, ajue kujaa na kupungua. Mtume vitunguu vitatu, akileta viwili mwulize kimoja kiko wapi. Unapokuna nazi mtajie vitu kwa majina yake: hii mbuzi, hiki kifumbu, huu mwiko, hii kawa ya kufunikia chakula. Tuliwahi kuingia katika kituo kimoja ambacho ukuta wake umepambwa kwa picha za tufaha na theluji, na mtoto wa pale aliyataja yote kwa Kiingereza bila kukosea. Tulipomwonyesha ungo, hakuwa na jina lake.

Njia hii si ngeni katika dini yetu. Omar bin Abi Salama (R.A.) alikuwa mtoto aliyelelewa na Mtume (S.A.W.), na mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sinia. Hakufukuzwa penye chakula wala hakupelekwa kando kusomeshwa. Pale pale alielekezwa ataje jina la Mwenyezi Mungu, atumie mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake, naye alipokuwa mtu mzima akasimulia kwamba hivyo ndivyo alivyokula tangu siku hiyo. Yuko pia yule mtoto aliyeitwa Abu Umair, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege alipokufa, Mtume (S.A.W.) alimwuliza habari za ndege wake kwa maneno ya kumfurahisha. Hadithi hizo mbili, zote zikiwa sahihi, zinatosha kuonyesha mwitikio tulioutaja hapo juu ni kitu gani.

Wapo wanaouliza juu ya herufi. Kwa miaka miwili hatuoni haja ya kumkalisha mtoto mbele ya alif na be kwa nguvu. Kitabu chenye picha kwa dakika kumi, dua ya kulala aisikie kila usiku kutoka kinywani mwa mama au baba, na vitendawili vya bibi baada ya Magharibi vinamtosha. Herufi zitakuja, na zitamkuta ana maneno mengi ya kuzivalisha.

Kuhusu ubanaji wa matumizi, hapa pana makosa mengi yanayofanywa kwa nia njema. Kuna watu wanaodhani kila cha asili ni rahisi na salama, na kila cha dukani ni israfu. Si hivyo. Chukua mkaa. Mama anayenunua kwa kopo kila siku huona ametumia kidogo, lakini akijumlisha siku thelathini huenda akakuta amekaribia bei ya kujaza mtungi wa gesi au ameizidi. Tatizo ni kwamba fedha za mtungi hutakiwa kwa mkupuo mmoja. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo hili ni suala la mapafu yake kabla ya kuwa suala la misitu, kwani moshi wa jikoni ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya nimonia kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Tukibana matumizi kwa kumrudisha mtoto penye moshi, tutakachookoa kitaishia hospitali.

Njia zenye faida ni nyingine. Loweka maharage usiku kucha na umwage yale maji. Yachemshe asubuhi kwa moto mkali kwa muda usiopungua dakika kumi, kisha yakishaanza kulainika funika sufuria, izungushie blanketi kuukuu ndani ya kapu, uiache saa chache; yatazidi kuiva kwa joto lake bila moto, na ukiyarudisha jikoni kuyamalizia na kuyachemsha tena hayatachukua muda. Katika nguo za mtoto, nepi za kitambaa zinastahili kurudi. Pampasi nne kwa siku ni karibu 120 kwa mwezi, na kwa miaka miwili zinapita 2,900, zote zikienda jalalani au mferejini. Nepi ishirini za khanga laini zilizochakaa, zikifuliwa vizuri na kuanikwa juani, zitamtosha mtoto huyo na huenda na mdogo wake. Hatusemi pampasi ni haramu; ya safari na ya usiku inaeleweka.

Katika uji, hakuna haja ya kununua unga uliochanganywa nafaka nane. Ulezi au mtama peke yake, ukitiwa maziwa, tui au karanga safi zilizosagwa, ni chakula kizuri. Lakini nafaka na karanga zichaguliwe kwa macho makali. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walipoteza maisha kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na wengi walioathirika walikuwa watoto. Punje yenye ukungu, iliyokunjamana au iliyobadilika rangi itupwe, asipewe hata kuku. Kuchagua huko, mtoto anaweza kukuona ukikufanya na akajifunza. Asali nayo, pamoja na utukufu wake, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Na sisi wenyewe tuna la kukiri: tuliwahi kuokoa shilingi mia chache kwa kununua dawa ya kuondoa madoa ya kupima na kuitia katika chupa ya soda. Mtoto alikuwa ameshafungua kizibo tulipomkuta. Tangu siku hiyo hakuna sabuni, mafuta ya taa wala dawa ya aina yoyote inayoingia katika chupa ya kinywaji nyumbani kwetu.

Iko pia simu, ambayo katika nyumba nyingi imegeuka yaya wa bure. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto ambaye hajatimiza mwaka asikalishwe kabisa mbele ya kioo cha picha, na wa miaka miwili hadi minne usizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa hiyo mama anayembakiza mtoto nyumbani kisha akampa simu tangu asubuhi hadi Adhuhuri hajamfundisha nyumbani. Ameahirisha tu.

Hata hivyo, ni kwa nini anampa simu? Hapa ndipo tunapowageukia akina baba. Kufua nepi, kuchagua nafaka, kuloweka, kukuna, na wakati huo huo kumjibu mtoto anayeuliza mara arobaini kwa saa, ni kazi inayokula siku nzima. Fedha iliyookolewa kwenye ada huonekana. Saa za mama zilizotumika kuiokoa hazionekani popote. Tumewasikia wanaume wakisifu malezi ya nyumbani barazani, wakaenda nyumbani wakauliza kwa nini chakula kimechelewa. Wengine huitaja habari ya Bibi Fatima (R.A.), aliyechubuka mikono kwa kusaga, akaomba mtumishi, naye akafundishwa tasbihi za wakati wa kulala. Hutajwa ili mke anyamaze. Wanasahau kwamba Mtume (S.A.W.) aliposikia shida yake alimwendea mwenyewe nyumbani usiku ule, akaketi naye na mumewe. Hakuipuuza. Na Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, jibu lake lilikuwa kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka.

Qurani katika Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na papo hapo ikaweka juu ya baba riziki na mavazi ya mama, na ikataka suala la kumwachisha mtoto ziwa liamuliwe na wawili hao kwa kushauriana. Ikiwa kumwachisha ziwa tu kunataka mashauriano, basi kumbakiza mtoto nyumbani hadi miaka mitano hakuwezi kuwa amri ya mtu mmoja. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku tatu. Siku tatu hizo zikiisha, kinachobaki ni uamuzi wa baba mwenyewe. Saa moja baina ya Alasiri na Magharibi, au baada ya Isha kwa anayechelewa kazini, mtoto awe wake: amwogeshe, amsimulie, aende naye gengeni akamwache ahesabu nyanya. Nepi nazo baba anaweza kuzifua, na asubuhi ya Jumapili inatosha kuanzia.

Kwa mama ambaye lazima atoke kwenda kazini au sokoni, hatuna neno la kumtia unyonge. Ila akague. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe. Aombe kuona cheti, ahesabu watoto na walezi, aone choo, aone wanapolala, na afike siku moja saa ambayo hakutarajiwa. Kituo kikikataa ukaguzi huo, mzazi atafute kingine.

Iko njia ya katikati tuliyoiona kwa majirani fulani na ikatupendeza. Nyumba nne za mtaa mmoja zimepanga zamu: kila mama huwapokea watoto wote asubuhi moja kwa wiki, na asubuhi tatu nyingine hupumzika au hufanya biashara yake ndogo. Hakuna anayelipa, chakula huletwa na kila mmoja kwake, na bibi wa nyumba ya tatu ndiye msimamizi wa vitendawili. Siku ya tano watoto hubaki makwao. Mwanzoni, walitueleza, ugomvi ulikuwa juu ya nani anawapa watoto sukari. Wakakubaliana sukari isitolewe na yeyote.

Suala la umri wa kumpeleka mtoto madrasa, ambalo wasomaji wengi wamekuwa wakituuliza, tutaliangalia Ijumaa ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiiq.