OFISI IKIHAMIA NYUMBANI, NANI ANALIPA PANGO?

KWA mwajiri mwenye ofisi Posta au Mtaa wa Samora, hesabu ya kumwambia mfanyakazi afanyie kazi nyumbani inavutia. Pango linapungua, umeme wa viyoyozi unapungua, hata chai ya saa nne inapungua. Mfanyakazi naye anafurahi kwa kuwa haamki saa 10 alfajiri kuwahi daladala za Gongo la Mboto au Mbagala. Kila upande unajiona umepata faida. Lakini yeyote aliyewahi kufunga hesabu za mwezi anajua kuwa gharama haifi kwa kufutwa kwenye daftari moja. Kwa kawaida imehamia daftari jingine, na hatari ni pale inapohamia kwa mtu asiye na daftari kabisa.

Mwaka 2025 jiji la Dar es Salaam lilipata majaribio mawili ya mpango huu, yote kwa maelekezo ya Serikali. La kwanza lilikuwa Januari 27 na 28, wakati wa Mkutano wa Wakuu wa Nchi za Afrika kuhusu nishati, uliofanyika katika Ukumbi wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Kwa kuwa baadhi ya barabara za katikati ya jiji zingefungwa, watumishi wa umma walielekezwa kufanyia kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao kazi zao haziwezi kwenda bila wao kuwapo.

La pili lilikuja katika huzuni. Ghasia zilizoanza siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, ziligharimu maisha ya watu na kuharibu vituo vya mabasi ya mwendokasi. Amri ya kutotembea usiku ilitangazwa jijini, na kwa siku iliyofuata watumishi wakaelekezwa tena kufanyia kazi nyumbani. Siku hizo hizo intaneti ilikuwa imezimwa nchini. Katika hali ile uhai ulitangulia kila kitu na hakuna ambaye angedai hesabu ya saa za kazi. Hata hivyo somo lilibaki wazi: kumwambia mtu afanyie kazi mahali ambapo zana za kazi hazipo ni kumpa likizo isiyo na jina.

Gharama ya kwenda

Watetezi wa kazi ya nyumbani wana hoja nzito, na hoja hiyo ni nauli. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka Sh. 500 hadi Sh. 600. Mtumishi anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila moja kwa Sh. 600, anatumia Sh. 2,400 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi anatumia Sh. 52,800.

Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000. Kwa hiyo mtumishi huyo wa ngazi ya chini anamkabidhi kondakta zaidi ya shilingi moja katika kila shilingi kumi za mshahara wake, kabla hata ya makato. Bado saa hazijahesabiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, lakini foleni ya Tazara haimo ndani ya saa hizo. Mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu kuwa na watu 5,383,728 unapoteza kila asubuhi nguvu kazi ambayo haiingii katika mizania ya kampuni yoyote.

Gharama ya kubaki

Daftari la nyumbani nalo lina mistari yake. Umeme wa LUKU ananunua mfanyakazi mwenyewe. Tangu Agosti 2021 hata kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU hiyo hiyo, kwa hiyo mpangaji asiyeelewana na mwenye nyumba hujikuta ameilipa. Bando ni lake, na kompyuta ikiharibika fundi ni wake.

Wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024, ofisi zenye jenereta ziliendelea na kazi. Chumba na sebule cha Manzese hakina jenereta. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchini, na aliyekuwa na njia moja tu ya mawasiliano alikaa akisubiri.

Lipo pia suala la nafasi. Meneja mwenye nyumba Mbezi Beach ana chumba cha kufunga mlango. Karani wake anaweka kompyuta kwenye meza ya chakula, na akiwa ni mwanamke mzigo unaongezeka. Mama akionekana yuko nyumbani huhesabiwa kuwa hana kazi: mtoto akilia ni wake, mgeni akibisha hodi ni wake, maji yakitoka ni yeye wa kukinga. Ikifika saa tatu usiku, watu wakilala, ndipo anapoanza kazi ya mwajiri. Hakuna karatasi ya mahudhurio inayoandika saa hizo.

Duka ndani ya simu

Waliobobea katika kazi ya nyumbani, hata hivyo, hawako kwenye ghorofa za Posta. Wanaitegemea Kariakoo. Anayetaka fremu katika mitaa kama Kongo, Msimbazi, Aggrey au Narung'ombe hudaiwa pango la miezi mingi kwa mkupuo, na mara nyingi kilemba juu yake kabla hajaingiza hata boksi moja la mzigo. Kijana mwenye mtaji mdogo akimaliza kulipa hivyo, mtaji umekwisha.

Ndipo likazuka kundi la wauzaji, wengi wao wanawake vijana, wenye duka ndani ya simu. Muuzaji anaishi Tabata au Tegeta. Picha za viatu, mapazia na vyombo amezipata kwa mwenye fremu. Anaziweka Instagram au kwenye kundi la WhatsApp, mteja wa Mbeya anachagua, pesa inaingia kwa simu. Winga anafuata mzigo dukani na kuongeza chake kwenye bei. Mchukuzi anaubeba mgongoni hadi barabarani. Bodaboda anaukimbiza stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ukapande basi la usiku.

Muuzaji hajatoka nje ya geti, lakini watu watatu wametoka kwa niaba yake. Safari aliyoikwepa imegawanywa vipande vipande na kuuzwa kwa watu wasio na mkataba. Bodaboda akianguka kwenye mataa ya Fire na mzigo ukaharibika, swali la kwanza huwa ni nani atafidia mzigo. Swali la mguu wa bodaboda huulizwa baadaye, tena na ndugu zake.

Mwenye fremu naye analipia duka ambalo wengine wanalitumia kama ghala. Bidhaa zinakaa kwenye rafu zake, mlinzi ni wake na pango ni lake. Hatari pia ni yake. Soko kuu la Kariakoo, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lilipoungua Julai 10, 2021, hasara iliwaangukia waliokuwa na mali ndani. Jengo la ghorofa lilipoporomoka katika eneo hilo Novemba 16, 2024, waliokufa ni watu waliokuwapo pale: wauzaji, wanunuzi na vibarua. Aliyekuwa akiuza kupitia simu alipoteza mahali pa kuchukulia mzigo, na akatafuta pengine.

Anayeonekana ndiye anayebanwa

Kutoka hapo mtu anaweza kuelewa hasira za Kariakoo. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kwa siku kadhaa hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao viwanja vya Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Malalamiko makubwa yalihusu kodi na namna inavyokusanywa. Mwenye fremu ana mlango, ana mashine ya risiti na ana jina ukutani. Afisa wa kodi akishuka kwenye gari anajua aanzie wapi.

Mpangaji huyo anatakiwa hata kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, kodi ambayo kisheria ni ya mwenye jengo. Ni malalamiko ya siku nyingi kwamba wenye majengo hawakubali kupokea pungufu, hivyo mpangaji anaitoa mfukoni mwake.

Muuzaji wa nyumbani anayetaka kuwa halali naye hukuta mlango mwembamba. Maombi ya leseni ya biashara huambatana na uthibitisho wa eneo la biashara, yaani mkataba wa pango au hati ya umiliki. Mtu anayeuzia sebuleni kwa baba yake ataonyesha mkataba gani? Wengi hubaki kimya, hukosa leseni, na kwa kukosa leseni hukosa mkopo wa benki.

Nchi hii imewahi kulipitia jambo hili. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi ilimtaka kila mkazi wa mjini aonyeshe mahali anapofanyia kazi, na asiye na jibu alihesabiwa mzururaji. Mwaka huo huo Serikali ilikubali daladala za watu binafsi, kwa kuwa UDA peke yake ilishindwa kubeba watu. Wakati watumishi wakibanana kwenye mabasi kwenda ofisini, wake zao walikuwa wakikaanga maandazi, kufuga kuku na kugandisha barafu za kuuza nyumbani, kwa sababu mshahara wa ofisini haukufika mwisho wa mwezi. Azimio la Zanzibar la 1991 lilipowaruhusu viongozi kuwa na kipato cha pili, lilikuwa linahalalisha kitu ambacho uani kilikwisha kuzoeleka.

Mama lishe hakuulizwa

Jiji pia lina kumbukumbu ya ofisi kuondoka. Baada ya Rais John Magufuli kutangaza Julai 2016 kuwa Serikali yote ihamie Dodoma, wizara zilifungasha moja baada ya nyingine. Kila ofisi inapohama, pembeni yake yupo mama lishe aliyekuwa akiwapikia makarani, fundi viatu, muuza magazeti na kijana wa vocha. Hao hawapewi barua ya uhamisho wala posho ya kujikimu. Kampuni ikiamua leo kuwa wafanyakazi wabaki nyumbani siku tatu kwa wiki, mama lishe anapoteza zaidi ya nusu ya siku zake za soko, na habari anaipata kwa kuona sufuria limebaki na wali.

Haya hayatoshi kuifukuza kazi ya nyumbani. Safari za jiji hili ni ghali mno kuendelea nazo kama zilivyo, na watu wengi wana kazi ambazo hazihitaji kiti cha Posta kila siku. Yanatosha kudai kwamba hesabu iandikwe yote.

Mwajiri anayepunguza ofisi aandike katika mkataba nani ananunua bando, nani analipa umeme, kompyuta ni ya nani, na baada ya saa ngapi mfanyakazi haruhusiwi kutafutwa. Sehemu ya pango lililookolewa ndiyo ilipe gharama hizo. Kama hilo linamshinda, abadilishe saa: wanaoingia saa 1 na wanaoingia saa 4 hawagombei mlango wa daladala moja, na mama lishe anabaki na wateja wake.

Halmashauri za jiji na manispaa zikubali nyumba kuwa eneo la biashara ndogo, kwa leseni nafuu na barua ya serikali ya mtaa badala ya mkataba wa pango. Vitambulisho vya wamachinga vya Sh. 20,000 vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 vilionyesha kuwa mfanyabiashara mdogo yuko tayari kulipa akitambuliwa. Muuzaji wa simu akiingia kwenye orodha, mwenye fremu hatabaki kuwa mlipaji pekee anayeonekana.

Muuzaji huyo naye aweke bei ya usafirishaji inayomlipa bodaboda na mchukuzi sawasawa, badala ya kuandika "usafiri bure" na kuukata kwenye jasho lao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii mpya mali ya muuzaji ina daftari. Inayopotea bila habari ni ile ya anayeibeba.