Machozi si maji matupu

Hebu simama kidogo kando ya barabara kule Githurai 45 jioni. Matatu zinatimua vumbi, wauza mitumba wanakung'uta nguo, nawe unafikicha macho. Vumbi hilo lina bakteria wengi. Mbona basi huamki kila asubuhi ukiugua macho?

Jibu ni machozi. Kila unapopepesa, macho huoshwa kwa machozi yenye kimeng'enya kiitwacho lisozimu. Bakteria ana ukuta unaomzuia asipasuke. Ukuta huo umefumwa kwa minyororo ya sukari, mithili ya kiondo. Lisozimu hukata nyuzi za kiondo hicho. Ukuta ukilegea, maji humiminika ndani na bakteria hupasuka.

Aliyetangaza jambo hili mwaka 1922 ni Alexander Fleming, daktari aliyekuwa akifanya kazi London. Aliligundua katika kamasi, kisha akalikuta kwenye machozi, mate na ute mweupe wa yai. Mwaka 1928 ndipo alipogundua penisilini. Mwanafunzi asichanganye mambo hayo mawili: lisozimu hubomoa ukuta uliokwisha kujengwa, bali penisilini humzuia bakteria kuujenga.

Maziwa ya mama pia yana lisozimu, tena kwa wingi kuliko ya ng'ombe. Ndiyo maana wako wanaoshauri yakamuliwe machoni mwa mtoto mchanga anayetokwa na usaha. Usithubutu! Baadhi ya bakteria wamevaa koti jingine juu ya ukuta wao, na lisozimu haipenyi kwa urahisi. Miongoni mwao ni wa kisonono, ambao mtoto huweza kuwapata wakati wa kuzaliwa. Hao wanaweza kumpofusha kwa siku chache tu. Ndiyo sababu mtoto hupakwa dawa ya macho hospitalini punde azaliwapo.

Basi mnyonyeshe mwanao, kwani maziwa hayo ni kinga ya tumbo lake. Lakini ukiona usaha machoni mwake, mpeleke hospitali siku iyo hiyo. Usingoje kesho, wala usikimbilie dukani kununua dawa ya kubahatisha.

Nawe mwenyewe, nawa mikono kabla ya kugusa macho. Machozi ni askari hodari, lakini hata askari hodari huzidiwa na adui wengi.

Tukutane Jumapili ijayo.