Mbono uliahidi mengi, samadi ipo zizini

Mwaka 2008, pipa la mafuta ghafi lilipofika dola 147 katika soko la dunia, wakulima wengi hapa nchini waliambiwa utajiri umo katika mbono kaburi, mti tuliouzoea kama uzio. Wilayani Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji 11 ili kuulima. Mwaka 2011 shughuli zilisimama, vibarua wakakosa kazi, na ardhi ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa wanavijiji.

Mafuta ya mbono yanawaka vizuri tu. Kilichokosewa ni hesabu. Kwa mashine ndogo ya kukamulia, lita moja inahitaji kama kilo 5 za mbegu, nazo huchumwa kwa mkono kwa kuwa haziivi kwa pamoja. Mashudu yake yana sumu, hivyo hayalishwi ng'ombe kama ya alizeti. Chukua bei ya lita ya dizeli hapo kwenu, igawe kwa tano: hicho ndicho kiwango cha juu ambacho mnunuzi angeweza kukulipa kwa kilo, kabla hajatoa nauli na gharama za kukamua. Halafu linganisha na ujira wa mtu anayechuma kutwa nzima.

Mabaki yana hesabu nyingine. Huko Hale, Korogwe, majani ya mkonge hufikishwa kwenye korona kwa ajili ya nyuzi, ambazo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Yaliyobaki yalikuwa yakitupwa, hadi Katani Limited ilipojenga mtambo wa kuyageuza kuwa gesi na umeme mnamo 2007. Gharama ya kuyakusanya ilikuwa imekwisha kulipwa na nyuzi.

Mfugaji mdogo naye anaweza kupiga hesabu hiyo. Ng'ombe wawili wanaolishwa bandani hutoa kinyesi cha kilo 25 hivi kwa siku. Ukikichanganya na maji ya kiasi hicho hicho, unapata gesi ya kuwasha jiko moja kwa saa mbili au zaidi kidogo. Tope linalotoka huenda kwenye migomba na mboga, na kwa maoni yangu faida yake haipungui ile ya gesi, hasa mbolea ya dukani inapopanda bei.

Anayechunga porini asijisumbue, kwani samadi yake inabaki malishoni. Wala anayebeba maji kichwani kutoka mbali.

Ujenzi ndio mzigo, maana matofali, saruji na fundi ni fedha taslimu, na wengi hukopa. Fundi akikushawishi ujenge mtambo wa ng'ombe wanne nawe unao wawili, kwa matumaini kwamba utaongeza mifugo, mkatalie. Gesi utakayopata ni ya ng'ombe wawili, na mkopo utadaiwa wote.