Aibu ya kupanda basi ilivyonilia upatu wa mama

Mwenzako nina deni. Na deni lenyewe si la baa wala la mwenye nyumba. Ni pesa ya mama yangu mzazi, niliyoila mbali sana, kwenye milima ya theluji huko Marekani. Kaa vizuri nikusimulie, maana huenda na wewe una ndugu majuu na siku moja atakutumia tiketi.

Dada yangu anakaa Breckenridge, kamji kadogo kwenye milima ya jimbo la Colorado. Kila majira ya baridi watu hujaa huko kwa ajili ya skii, ule mchezo wa kujifunga mbao ndefu miguuni na kuteremka mlima kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Wao wanateleza, Dada anatandika vitanda vya hoteli wanayolala. Januari 2025 akateleza na yeye, ila bila mbao. Alianguka kwenye ngazi za nyumba anayopanga, zilikuwa zimeganda barafu, akavunjika mkono. Kwa mkono mmoja hutandiki kitanda, na kule usipotandika hulipwi.

Mimi tiketi alishanikatia zamani, kabla hajaumia. Mama aliposikia habari akaenda kwa wenzake wa upatu, akabadilishana zamu, akapewa yake mapema. Zikabadilishwa, zikatoka dola 500 taslimu. Akazifunga kwenye leso, akanikabidhi usiku wa safari.

"Mpe dada yako mkononi," akaniambia. "Kodi ya nyumba haingoji mfupa uunge."

Nikaapa.

SUTI INAULIZA BASI?

Nilitua Denver Ijumaa moja ya Februari, saa nane mchana. Uwanja wenyewe ni mkubwa kupita maelezo, una paa jeupe la mahema lililochongoka kama vilele vya milima. Ulifunguliwa mwaka 1995, na waliujenga porini hasa, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya mji. Milima ya skii unaiona kwa mbali, mieupe, ukadhani ni hapo tu. Thubutu! Mpaka Breckenridge ni zaidi ya kilomita 160.

Dada alikuwa ameniandikia ujumbe mrefu kwenye simu. Niliusoma juu juu nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji: "Panda treni ya uwanjani hadi mwisho wa reli. Hapo hapo panda basi la kwenda Frisco. Frisco ukishuka, panda basi la bure mpaka kwangu." Nikacheka peke yangu. Bure? Marekani? Nikajua Dada ananitania, au mkono umempandisha homa.

Basi bwana, nikafika kwenye kaunta za usafiri. Mbele yangu familia ya Kizungu, wana mabegi marefu ya mbao zao, wananukia pesa. Kijana wa kaunta akanigeukia: bwana mkubwa, wewe unasafirije?

Hapo ndipo nilipoharibu. Ujue mwenzenu nilikuwa nimevaa suti. Nimetoka nayo Dar, tai na kila kitu, ili wajue amekuja mtu. Sasa mtu wa suti aulize basi la bure? Watu wako nyuma yangu wanasikiliza! Nikakohoa, nikasema kwa sauti ya mbunge kwamba nataka gari langu peke yangu.

Dola 380. Pesa zangu za mfukoni hazikufika hata robo. Nikageukia ukutani, nikafungua leso ya mama.

FOLENI HAIJUI TAI

Gari lilikuwa jeusi, refu, viti vya ngozi. Tunatoka uwanjani nikaona sanamu ya farasi wa buluu, urefu wake karibu mita 10, macho yanawaka mekundu. Dereva akaniambia farasi huyo alimuua mtu aliyemchonga. Nikadhani hadithi za vijiweni, kumbe kweli tupu: mwaka 2006 kipande cha sanamu hilo kilimwangukia msanii wake, Luis Jiménez, akafariki. Ningekuwa na akili ningeona hiyo ni dalili mbaya nikashuka.

Tukaingia barabara kuu ya milimani, wanaiita I-70. Sasa sikiliza nikwambie kitu ambacho hakuna mtu wa kaunta atakwambia. Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi Denver nzima inapanda mlima, na Jumapili mchana yote inashuka. Barabara ni hiyo moja. Safari ya saa mbili ikawa ya saa tano. Foleni kama ya Mbagala jioni ya mvua, tofauti ni kwamba kinachoanguka ni theluji na hakuna anayekuuzia karanga dirishani.

Pembeni yetu lilikuwapo basi kubwa la abiria. Tunalipita, linatupita, tunalipita tena. Ndani watu wamelala midomo wazi, wengine na mbao zao za skii. Mimi niko kwenye ngozi, wao wako kwenye viti vya basi, tunakwenda mwendo ule ule wa konokono. Baadaye nilikuja kujua kwamba lile ndilo basi la Frisco alilonielekeza Dada.

Tukapita kwenye handaki la Eisenhower, lililotobolewa ndani ya mlima, mita zipatazo 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mliopanda Kilimanjaro, hapo mmeshakipita kituo cha Mandara na mnakaribia Horombo, tena mkiwa mmekaa kwenye gari. Breckenridge yenyewe iko kama mita 2,900. Mimi mtoto wa pwani kichwa kikaanza kugonga ngoma. Nilidhani ni urefu wa mlima. Nusu yake ilikuwa leso.

Nilipofika, dereva hakuwa na kosa lolote, ila akasimama akitabasamu anangoja bakshishi. Suti tena! Nikampa 60.

Dada akafungua leso kwa mkono mmoja. Akahesabu. Dola 60. Nikamweleza. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Mdogo wangu, mimi meneja wangu anakuja kazini na basi la bure. Wewe ulikuwa unamficha nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule aliandika ujumbe kwa mwenye nyumba kuomba asubiriwe kodi, anaandika kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, mimi namwangalia.

NJIA ZENYEWE NI HIZI

Nilikaa wiki mbili. Nilipika, nilifua, nilisukuma theluji mlangoni. Na nilipopata nafasi nilizichunguza hizo njia moja baada ya nyingine, kwa hasira. Wewe ziandike mahali.

Ya kwanza ndiyo ile ya Dada. Chini ya uwanja ule kuna treni ya umeme iliyoanza mwaka 2016. Kwa dola 10 na dakika 37 uko Union Station, katikati ya mji. Basi zako ziko hapo hapo, stendi yake imechimbwa chini ya ardhi. Basi la jimbo linaitwa Bustang, lilianza mwaka 2015, linapita Frisco na Vail na kuendelea mbele. Mpaka Frisco nauli haikufika dola 20. Ukishuka, basi za wilaya zinakuchukua hadi Breckenridge na Keystone, na ni bure, wala si utani. Hata Vail mjini basi zao ni za bure. Ubaya wake mmoja: basi la jimbo lina saa zake na halingoji ndege yako. Ukitua usiku, umeula wa chuya.

Ya pili ni basi za skii, Snowstang, zinazokwenda wikiendi za majira ya baridi. Zinatoka Denver alfajiri, zinakushusha mlangoni mwa milima kama Loveland, Arapahoe Basin, Copper au Breckenridge, jioni zinakurudisha. Kwenda na kurudi dola 25. Hizi zinamfaa aliyelala mjini, si aliyetua sasa hivi.

Ya tatu ni treni ya kwenda Winter Park. Hii nakwambia ni raha. Inaondoka Union Station asubuhi, inapanda milima kama saa mbili hivi, inapita ndani ya handaki la Moffat la karibu kilomita 10, lililofunguliwa mwaka 1928, ukitoka upande wa pili uko miguuni mwa mlima. Haiendi kila siku, na ni ya majira ya baridi tu. Na mwenyeji wako akiwa Breckenridge haikusaidii, maana reli yake ni nyingine.

Ya nne ni vibasi vya kuchangia, kitu kama Hiace iliyosoma. Unaweka nafasi mapema, kinakuchukua uwanjani, kinakushusha mlangoni kwako. Andaa dola sabini, themanini au zaidi kwa kichwa. Kwa mtu anayetua usiku na mabegi, hiki ndicho mkombozi, na ungeniona nacho nisingekuwa na la kuandika leo.

Ya tano ni kukodi gari ujiendeshe. Hapo, ndugu yangu, ukitoka Dar na leseni yako ya kupita mashimo ya Tandale, tulia kwanza. Kuanzia Septemba hadi Mei sheria ya barabara ile inataka gari lisilovuta magurudumu yote liwe na matairi ya theluji yenye kashata za kutosha, au ubebe minyororo ya kufunga kwenye matairi. Ukikutwa na kipara faini inapita dola 100. Ukikwama ukaziba njia, inapita 650. Na gari la kukodi halina lazima ya kukupa minyororo, ni juu yako kuuliza.

Ya sita ni ile yangu. Siisemi vibaya. Mkiwa watano, mna bibi, mna mtoto mchanga, mkigawana bei inakaribiana na kibasi na mnafika bila kusumbuka. Lakini mtu mmoja mwenye begi moja na tai? Huo ni ulimbukeni, na mimi ndiye nausema.

Halafu kuna la bure kabisa: siku ya kwanza usijitie ujasiri. Kunywa maji mengi, acha pombe, lala. Denver yenyewe iko juu kuliko Arusha, na huko milimani hewa ni nyembamba. Watu wazima wenye vifua wamerudishwa chini wakiwa hoi.

KURUDI

Siku ya kuondoka Dada alinisindikiza hadi kituoni, mkono kwenye bandeji. Suti nimeikunja kwenye begi. Likaja basi la bure. Nikapanda, nikakaa karibu na mzee wa Kizungu mwenye viatu vya skii, na nyuma yetu vijana wa jikoni wanatoka zamu, wawili wanaongea Kifaransa cha Afrika Magharibi. Hakuna aliyemtazama mwenzie mara mbili. Frisco nikabadilisha, Denver nikabadilisha tena, nikafika uwanjani saa tatu kabla ya ndege. Safari nzima haikufika dola 30.

Nikakaa pale chini ya mahema nikipiga hesabu. Dola 440 toa 30. Hiyo tofauti, msomaji wangu, haikununua mwendo, maana foleni tulikaa wote. Haikununua usalama, maana madereva wa basi wanaijua ile barabara kama kiganja. Ilinunua kitu kimoja tu: watu watano kwenye foleni ya kaunta, ambao sikuwajua na sitawaona tena, wasijue kwamba nina njaa. Na wala hawakuwa wananitazama. Walikuwa wanahesabu mabegi yao.

Kodi ya mwezi ule Dada alikopa kwa wenzake wa kazini. Mkono umepona na vitanda anatandika. Mimi namtumia kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, nimebakiza dola 140. Suti sijaivaa tena.

Kuhusu mama, nilimwambia "nimemfikishia," akanibariki. Sikusema uongo, sikusema kweli. Ila kila Jumamosi jirani humsomea safu hii kibarazani, kwa hiyo kufikia mstari huu atakuwa ameshajua. Mama, nisamehe. Nakuja jioni, na nakuja na daladala.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na mama akiruhusu.