Kuvunjika kwa Koleo: Betri ya Kishikwambi na Haki ya Kuelewa

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika nyumba za kupanga za mtaa wa Pioneer, jijini Eldoret, methali hii husahaulika kila kishikwambi kinapokataa kuwaka. Kioo ni kizima, kumbukumbu ni nzima, na masomo ya mtoto yamo humo ndani. Kilichokufa ni betri peke yake. Hata hivyo, kifaa hicho hutupwa juu ya kabati pamoja na redio mbovu, au huachwa kwenye chaja kutwa kucha mpaka siku mgongo wake unapoanza kufura. Makala haya yanashikilia kuwa kubadilisha betri ya kishikwambi ni kazi inayoweza kufanyiwa nyumbani, na kwamba kizuizi kikubwa si ugumu wa kazi yenyewe, bali ni ukosefu wa maelezo katika lugha ambayo mwenye kifaa anaielewa barabara.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba betri ya lithiamu haifi kwa uzembe wa mwenyewe. Kila inapotiwa chaji na kutumiwa, kemikali zilizomo huchakaa kidogo. Aghalabu, baada ya mizunguko kati ya 300 na 500, uwezo wake huwa umeshuka hadi asilimia 80 hivi ya ule wa awali. Joto nalo huharakisha uchakavu huo. Kwa hivyo betri ni kama soli ya kiatu: inatarajiwa kuisha kabla ya kiatu chenyewe. Ajabu ni kwamba hakuna anayekitupa kiatu kizima kwa sababu ya soli, ilhali vishikwambi vizima hutupwa kwa sababu ya betri.

Suala hili si la nyumba moja wala la mtaa mmoja. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kusambaza vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma. Mojawapo ya miungano miwili iliyopewa kazi hiyo ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Moi, kilichoko papa hapa Uasin Gishu, na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawanywa nchini. Mwaka 2019 wahesabuji wa sensa walibisha hodi milangoni wakiwa na vishikwambi mikononi badala ya karatasi. Vifaa vya miaka hiyo vimekwisha kupita umri ambao betri hutarajiwa kudumu. Swali linalozuka ni hili: je, taifa lililojua kuvinunua limejiandaa vipi kuvitunza?

Wapo wanaosema kuwa kazi hii iachiwe mafundi. Hoja yao ina uzito, kwani betri ya lithiamu ikitobolewa au ikikunjwa huweza kulipuka moto usiozimika kwa urahisi. Isitoshe, watengenezaji wengi hubandika kioo na betri kwa gundi, jambo linalofanya ufunguaji kuwa kazi ya subira. Lakini hatari haiondolewi kwa kufichwa. Mtungi wa gesi nao ni hatari, na bado umo katika jikoni nyingi za Pioneer, kwa kuwa watu wamefundishwa kunusa, kufunga na kufungua madirisha. Mama aliyejifunza kubadilisha mtungi wa gesi hashindwi kujifunza kubadilisha betri.

Kazi yenyewe inaelezeka. Kwanza, chaji ipunguzwe hadi chini ya robo, kisha kifaa kizimwe kabisa. Kingo za kioo zipashwe moto kwa kikaushio cha nywele, kamwe si kwa mwale wa jiko, ili gundi ilainike. Kadi ya plastiki iliyochakaa, mathalani ya benki, ipenyezwe polepole pembezoni bila kuzama ndani, kwa maana nyuma ya kioo mna nyaya bapa nyembamba zinazokatika upesi. Baada ya hapo, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kiunganishi cha betri kichomolewe. Betri ibanduliwe kwa kadi ile ile au kwa uzi wa nailoni. Kisu na bisibisi visipitishwe chini yake hata kidogo. Betri mpya iwe na nambari ya modeli, volti na vipimo sawa na vya ile ya zamani, na kifaa kiwashwe kijaribiwe kabla ya kubandikwa tena. Ama betri iliyokwisha kufura, hiyo isitiwe chaji, isibonyezwe wala kutobolewa; hapo ndipo penye haki ya kumwita fundi. Na betri kuukuu isitupwe kamwe kwenye taka zinazochomwa nyuma ya nyumba.

Aya iliyotangulia haina neno moja ambalo mkaazi wa Pioneer angehitaji kufasiriwa. Hata hivyo, akikifungua kishikwambi chake atakuta onyo la kutotoboa na kutochoma limeandikwa kwa Kiingereza au Kichina, kwa herufi ndogo kuliko mchwa. Onyo lisilosomeka si onyo. Mtoto anayeichokora betri iliyofura kwa msumari hakukaidi maelezo, kwani hayakumfikia.

Hapa ndipo suala la betri linapogeuka kuwa suala la lugha na la sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyoinunua, pamoja na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi haki ya maelezo inavyoweza kutimizwa kwa lugha ambayo sehemu kubwa ya wanunuzi huisoma kwa kubahatisha.

Huenda ikadaiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hili limepitwa na wakati. Mnamo mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Wataalamu wamejadiliana kwa miaka mingi kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na neno kishikwambi lenyewe limekubalika. Tatizo ni kwamba mijadala mingi huishia kwenye jina. Istilahi isiyotiwa ndani ya sentensi ya kumwelekeza mtu kazi ni sawa na mbegu iliyosazwa ghalani.

Fauka ya hayo, Kiswahili si mgeni katika betri. Betri nyingi za vifaa hivi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika maeneo ya Kolwezi, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya migodini. Madini hutoka kwa wasemaji wa Kiswahili, huzunguka dunia, kisha hurudi kwa wasemaji wa Kiswahili yakiwa yamefungwa kwa gundi na kuandikwa lugha nyingine. Ulaya nako, kanuni iliyopitishwa mwaka 2023 inataka kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka, kwa jumla, ziweze kuondolewa na mtumiaji mwenyewe, na maelezo ya kufanya hivyo yaandamane na kifaa. Mreno atalindwa na kanuni hiyo. Mkenya naye, aliyenunua kifaa kama hicho, atalindwa na nani?

Jawabu halipaswi kungojewa kutoka ng'ambo. Idara za Kiswahili na za uhandisi katika vyuo vikuu vyetu hupakana, lakini ni nadra kusalimiana. Wanafunzi wa pande hizi mbili wakiketi pamoja na fundi mmoja wa simu, wanaweza kuandika kijitabu cha kurasa chache chenye michoro, kikajaribiwa katika nyumba za Pioneer kabla ya kupelekwa shuleni. Serikali nayo haina budi kuweka sharti katika kila zabuni ya vifaa vya umma: betri ibadilishike, vipuri vipatikane, na maelezo yawe ya Kiswahili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu umekwisha kuonekana katika kila kishikwambi kinachofura mgongo juu ya kabati.